Meli iliyokwama mkokoni: nani aikate, wapi, na kwa masharti gani

Swali: "Asalaam aleikum. Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi) katika kijiji kimoja cha pwani wilayani Kilwa, na ni mkulima wa mwani. Huu ni mwaka wa tatu kuna meli ya uvuvi ya chuma imekwama kwenye mdomo wa mkono wa bahari wetu, ubavuni mwa mikoko. Urefu wake ni kama mita 40, na jina lake limepakwa rangi juu. Sasa amekuja mnunuzi wa skrepa, anasema ameinunua na anataka kuikata hapo hapo kwa miezi miwili. Atawalipa vijana wetu shilingi 15,000 kwa siku na kuchangia mabati ya shule. Nilisikia redioni kwamba tangu Juni 2025 kuna mkataba wa dunia wa kuvunja meli. Yeye anasema mkataba huo hauhusu vyombo vidogo. Ni kweli? Na kama ni kweli, tuna haki ya kumkatalia?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na lile ambalo wanakijiji wanalisubiri. Ndiyo, mnayo haki ya kumkatalia, na kwa maelezo uliyonipa nawashauri mkatae meli isikatwe pale ilipo. Lakini msiishie hapo, maana ikibaki mkokoni itawatia hasara pia, polepole. Kukataa ni kazi ya mkutano mmoja. Kuiondoa salama ndiyo kazi yenyewe, na sehemu kubwa ya jibu langu inahusu hiyo.

Kuhusu mkataba, bwana huyo huenda hakukosea. Mkataba wa Hong Kong ulipitishwa Mei 2009 chini ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, kisha ukakaa miaka 14 ukingoja nchi za kutosha. Zilitakiwa nchi 15, zenye asilimia 40 ya ujazo wa meli za biashara za dunia, pamoja na kiasi cha kutosha cha kazi ya kuvunja meli. Bangladesh na Liberia zilipojiunga Juni 2023 hesabu ikatimia, na miezi 24 baadaye, tarehe 26 Juni 2025, ukaanza kufanya kazi. Unazihusu meli za ujazo wa GT 500 na kuendelea (GT ni kipimo cha ukubwa wa ndani wa meli). Meli za kivita hazimo, na vilevile vyombo vilivyofanya kazi maisha yao yote ndani ya maji ya nchi ya bendera yao. Meli ya uvuvi ya mita 40 mara nyingi huangukia chini ya GT 500. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba karatasi ile haiigusi.

Alichokinyamazia ni kwamba kuna sheria nyingine zinazoigusa, za nchi yetu na za Afrika. Nitazifikia. Kwanza nataka ujue ndani ya meli hiyo kuna nini, kwa sababu mkutano wa kijiji utaamua vizuri zaidi ukijua vijana wanapelekwa kukata kitu gani.

Mkataba wa Hong Kong una wazo moja ambalo ningependa mlichukue hata kama hauwahusu: kila meli iwe na orodha ya vitu vyake vya hatari, inayoeleza kila sumu iko chumba gani na kwa kiasi gani. Karakana haianzi kukata mpaka iwe na orodha hiyo na mpango wa kazi uliotengenezwa kwa ajili ya meli hiyo hiyo, wala haipokei meli yoyote bila idhini ya serikali yake. Meli zilizokuwapo kabla ya mkataba zimepewa hadi tarehe 26 Juni 2030 kuwa na orodha, au mapema zaidi zikienda kuvunjwa. Muulizeni mnunuzi wenu orodha ya meli yake. Sidhani kama anayo.

Basi nikuandikie ya kukisia, kwa ninavyozijua meli za aina hiyo. Chumba cha injini cha chombo cha zamani kina asbestosi, nyuzi za madini za kuzuia joto: imefungwa kwenye mabomba ya moshi, imo kwenye gasketi, katika breki za mashine za kuvutia nyavu, na mara nyingine ndani ya kuta za vyumba vya mabaharia. Matumizi mapya ya asbestosi melini yalipigwa marufuku kabisa mwaka 2011 tu, kwa hiyo meli iliyojengwa miaka ya 80 au 90 ihesabiwe kuwa nayo mpaka ipimwe. Vumbi lake halikohozeshi siku hiyo. Linakaa kwenye mapafu, na saratani inayotokana nalo huchukua miaka kumi, ishirini, hata arobaini kujitokeza. Kijana atakayelivuta mwaka huu ataugua akiwa baba wa watoto wakubwa, na hakuna atakayekumbuka meli.

Rangi ya chini ya maji, kama ni ya zamani, inaweza kuwa na tributiltini, dawa iliyokuwa ikiwekwa kuzuia chaza na majani yasigande. Dunia iliikataza kwa mkataba ulioanza kazi Septemba 2008, baada ya kuonekana kwamba konokono wa bahari majike walikuwa wanaota viungo vya madume na kushindwa kuzaa. Kila kipande cha rangi hiyo kitakachobanduka kitaanguka pale mnapochokoa pweza. Rangi za juu, kama ni za zamani, zinaweza kuwa na madini ya risasi, na tochi ya gesi ikipita juu yake risasi inageuka moshi unaoingia puani mwa mkataji. Nyaya za umeme za zamani na transfoma zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, sumu isiyooza. Sasa fikiria desturi ya skrepa ya kuchoma nyaya ili kupata shaba: moshi ule ni mbaya kuliko nyaya zenyewe.

Halafu kuna kitu ambacho meli za mizigo za kawaida hazina lakini meli ya uvuvi ya bahari kuu huwa nacho, nacho ni mtambo wa kugandisha samaki. Baadhi yake hutumia amonia. Bomba lake likikatwa likiwa bado na gesi, chumba kizima kinageuka mauti kwa dakika chache. Hili peke yake linatosha kumzuia mtu asiyejua mitambo ya baridi asiguse chochote chini ya sitaha. Kuna na mitungi ya kaboni dayoksaidi ya kuzimia moto katika chumba cha injini. Gesi hiyo haina harufu, na ikifunguka mahali palipofungwa inamwondolea mtu pumzi.

Hapa niseme jambo ninalolijua kwa macho yangu. Kabla sijawa mkaguzi nilikuwa mkata chuma, kijana wa miaka ishirini na kitu, katika karakana moja ya bandarini. Tulipewa tishali kuukuu tulipasue. Lilikuwa na tangi la maji ya kusawazisha, tupu, kavu, mfuniko wake haujafunguliwa kwa miaka. Hapakuwa na mafuta, hapakuwa na gesi, hapakuwa na harufu. Mwenzetu alishuka ngazi kulegeza bolti, na kabla hajafika chini akaanguka. Mwingine, rafiki yake wa utotoni, akaruka kumfuata. Tulipowatoa wote wawili, mmoja aliamka. Aliyekuja kumwokoa mwenzake hakuamka.

Sababu ilikuwa kutu. Chuma kinapopata kutu kinakula oksijeni, na ndani ya tangi lililofungwa kitaila mpaka iishe. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Kanuni za kimataifa zinataka chumba kipimwe na kikutwe na asilimia hiyo 21 kabla mtu hajaingia, na gesi zinazowaka zisizidi asilimia 1 ya kiwango ambacho zinaweza kushika moto. Kifaa cha kupimia ni kidogo, kinashikika mkononi. Siku ile hatukuwa nacho, na hakuna aliyetuambia kwamba kinahitajika. Meli yenu imekaa miaka mitatu imefungwa. Nakuomba, katibu, hata kabla ya mkutano, watangazie watoto na vijana wanaopanda melini kucheza au kutafuta shaba: wasifungue mfuniko wowote, wasishuke ngazi yoyote. Na akianguka mtu ndani, asimfuate mwingine bila mtungi wa hewa.

Ukiwa na picha hiyo, ndipo utaona kwa nini mchanga ni mahali pabaya pa kazi hii. Alang kule Gujarat, India, Chattogram huko Bangladesh na Gadani huko Pakistan meli huendeshwa mpaka ufukweni maji yakijaa, zikakatwa maji yakipwa. Meli nyingi sana za dunia zimemalizikia katika fukwe hizo tatu, na watu wengi wamefia hapo. Tarehe 1 Novemba 2016 meli ya mafuta ililipuka Gadani, na zaidi ya watu 20 walikufa, kwa sababu masalia ya mafuta yalikuwamo na kazi ya moto ikaanza. Hata huko sasa karakana zinalazimika kumwaga sakafu za zege na kuweka mifereji ya kukusanya mafuta, maana wamejifunza kwamba kinachodondoka mchangani hakiokoteki. Maji yatajaa mara mbili kwa siku na kukichukua.

Kwenu ni pabaya zaidi, kwa sababu ya mikoko. Mchu na mlilana hupumua kwa mizizi ile iliyosimama kama vidole juu ya tope. Mafuta mazito yakiipaka, mti hufa kwa kukosa hewa, na tope huendelea kuyatoa mafuta hayo kwa miaka. Mwani wenu uko mita chache kutoka hapo. Na bahari ya Kilwa haipo gizani mbele ya dunia: pamoja na Rufiji na Mafia imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu tangu mwaka 2004.

Sasa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kwa asili yake kuharibu hifadhi ya fukwe. Akiwaambia kwamba miezi miwili si kudumu, mwambieni asome na maneno yanayofuata. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayodai tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi ya namna hii, na vibali kwa yeyote anayeshika, kuhifadhi au kusafirisha taka hatarishi. Msimamizi ni NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambao ofisi yao ya Kanda ya Kusini iko hapa Mtwara. Hata mfanyabiashara wa kawaida wa chuma chakavu huhitaji kibali chao. Leseni ya biashara kutoka halmashauri haichukui nafasi ya hivyo, na muhtasari wa kijiji wenye mihuri kumi haufanyi hivyo pia. Mikoko nayo iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu, kwa hiyo nao wana neno. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, wanatakiwa kusajili eneo la kazi na kulikagua. Na kwa kuwa kuna vijana wa kulipwa, mwajiri anapaswa awe amejiandikisha katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Katika hayo yote, hili la fidia ndilo ningelishikilia kwa nguvu zaidi mkutanoni, kwa sababu linamhusu mzazi moja kwa moja: mtoto akikatika mguu, nani atamlisha?

Kisha kuna swali ambalo hamjamuuliza, nalo huenda likamaliza mjadala wote: ameinunua kwa nani? Meli ina mwenyewe, ina bendera, ina daftari la usajili. Jina kupakwa rangi juu ni dalili ambayo watu wa kazi yangu tunaijua sana. Mwenye meli iliyozeeka huibadilisha bendera na jina katika safari ya mwisho, mara nyingi kupitia dalali anayelipa taslimu, ili nchi iliyokuwa ikimbana isimwone tena. Sheria yetu ya Meli za Biashara ya mwaka 2003 ina sura nzima juu ya mabaki ya meli, na anayeyakuta anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka. Mlango wenu hapo ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Hati ya mauzo aliyoandikiana na mtu mwingine hotelini haimpi haki ya kukata mpaka wao waseme mwenye meli ni nani na kama amefuta usajili.

Na kama meli ilikuwa ya nje, jambo linakuwa zito. Chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi, meli inaweza kuwa bado ni meli na wakati huo huo ikawa taka hatarishi, ikiwa imekusudiwa kuvunjwa na ndani yake mna sumu. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ambao Tanzania imo, ulikwenda mbali zaidi: kuingiza taka hatarishi barani Afrika ni kosa la jinai. Wazee wetu wa bara hili waliuandika baada ya kuona mapipa ya sumu ya Ulaya yakitupwa katika vijiji vya Afrika Magharibi. Forodha nao wana fungu lao, namba 89.08, la vyombo vinavyoingizwa kwa ajili ya kuvunjwa. Ukiuliza TRA kama meli hii imewahi kutangazwa chini ya fungu hilo, utapata jibu la maana sana.

Naamini mtu huyu huenda ni mfanyabiashara wa kawaida anayeona chuma na kuhesabu nondo. Sitaki mumfanye adui. Lakini hesabu yake inatoka vizuri kwa sababu moja tu: gharama za kutoa mafuta, kupima gesi, kufunga asbestosi na kuizika mahali palipoidhinishwa hazimo ndani yake. Zimewekwa kwenye mapafu ya vijana wenu na kwenye mwani wako. Zikiingizwa, shilingi 15,000 na mabati yale yanaonekana kwa bei yake halisi. Kama anaweza kuzilipa, mzungumze. Kama hawezi, hana biashara, ana mzigo anaotafuta wa kumtwisha.

Hapo ndipo tunafika kwenye njia ya pili. Barua ya serikali ya kijiji, ikiwa na muhtasari wa mkutano mkuu na picha, iende TASAC, NEMC na kwa mkurugenzi wa halmashauri kwa siku moja, kila mmoja akijua kwamba wenzake wamepata nakala. Ombeni mambo mawili kwa mpangilio. La kwanza ni la haraka, lisingoje kesi ya umiliki: mafuta yaliyobaki kwenye matangi na maji machafu ya ngamani yanyonywe yatolewe, kukiwa na uzio wa kuelea kuzunguka chombo. Hiyo ni kazi ya malelezi, bahari ikiwa shwari. Kusi likishaanza kupiga ubavu ulioliwa na kutu, hakuna atakayechagua siku. Amonia na mitungi ya gesi zitolewe na fundi wa mitambo hiyo katika awamu hiyo hiyo.

La pili, meli ikishakuwa nyepesi na tupu, izibwe, ielee juu ya maji makubwa ya bamvua na ivutwe kwenda mahali penye sakafu ngumu, penye winchi na uzio. Kukatwa ikatiwe huko. Kama mkaguzi ataona mkuku, uti wa chini wa meli, umeshavunjika na haiwezi kuelea, basi ikatwe vipande vikubwa vichache tu, vipakiwe kwenye tishali, na kazi ndogo ndogo ya kupasua ifanyike bandarini. Ni ghali, lakini imefanyika kwingi. Wapo watakaowaambia muizamishe kwenye kina iwe nyumba ya samaki. Bila kusafishwa na bila kibali huko ni kutupa taka baharini, na samaki mtakaowavuna juu yake mtawala nyinyi.

Kuna jambo jingine linanikosesha utulivu, nalo ni kubwa kuliko meli yenu. Rais aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko mwaka 2023. Bandari ya Mtwara imeongezewa gati. Ni heri kwetu sote, nami nimeifurahia. Lakini meli zikija kufanya kazi, nyingine zitazeekea hapa, na ukanda wetu wote huu kutoka Kilwa hadi Msimbati unahitaji mahali pamoja palipojengwa na kuidhinishwa kwa ajili ya kuzivunja, penye zege, tangi la mafuta machafu na mafundi waliofunzwa. Wizara ingeweza hata kuandika kanuni fupi inayosema kwamba masharti ya orodha na mpango wa kazi yanahusu pia vyombo vya chini ya GT 500, kwa sababu vingi vitakavyokwama katika mikono yetu ya bahari vitakuwa vya kiasi hicho. Vijana wenu wangefaa kabisa kuwa mafundi wa mahali hapo. Kukata meli ni kazi ya heshima ikiwa kuna kipimo cha gesi kiunoni, barakoa yenye kichujio cha kweli usoni na si kitambaa, mtu wa zamu ya moto amesimama na maji nyuma yako, na bima mfukoni.

Kwa sasa, fanya hivi. Meli nyingi zina namba ya IMO ya tarakimu 7 iliyochongwa au kuchomelewa kwenye chuma, na rangi haiifuti. Mara nyingi iko upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, au juu ubavuni. Bamvua lijalo, maji yakishapwa, nenda na mtu mwingine mwenye simu nzuri, mzunguke kwa nje tu bila kupanda. Jua likiwa limelala, asubuhi au jioni, kivuli kitaonyesha herufi zilizovimba chini ya rangi: jina la zamani, bandari ya usajili, na hiyo namba. Pigeni picha zote, pamoja na mahali popote panapotoa mng'ao wa mafuta juu ya maji, na mwandike tarehe. Ukishaipata hiyo namba, iandike kwenye mstari wa kwanza wa barua ya TASAC, kwa sababu kwa namba hiyo watamfikia mwenye meli popote alipo.